Kangaga Halina Kutu

Baba Neema,

Huku Mbinga baridi inanifanya nikumbatie kikombe. Mwenyeji wangu, Mama Agatha, mkulima wa kahawa, jana alinizuia mlangoni na mzigo wangu wa makangaga, mimea niliyokuja kuikusanya kwa utafiti. Aligeuza jani moja, akaona vidoa vya kahawia, akang'aka: "Mwalimu, hii kutu! Itaniulia mibuni!"

Nikamweleza kwamba kangaga halitoi maua. Vidoa hivyo vina vumbi linalootesha watoto wake, na jinsi vilivyopangika ndiyo hutuonyesha ni la ukoo gani. Alikubali, ila mzigo ulilala nje.

Nikakukumbuka wewe, unayevisugua vidoa vya kangaga letu kwa sabuni kila Jumamosi, ukisubiri lichanue. Kumbe watoto wote wameishia kwenye ndoo! Liombe radhi kabla sijarudi. Nimekumiss, wewe na sabuni yako.

Mama Neema