Paa la Meno ya Msumeno

Jumatatu, 3 Februari
Kati ya Ruiru na Thika hakuna kichwa cha majengo kama changu, na shule niliachia kidato cha pili. Piramidi zikibomoka leo watanipigia simu mimi. Kwa sasa nakata kadibodi. Madam Njoki amechora jumba la makumbusho ya mji, mimi namtengenezea modeli. Paa lina meno kama msumeno, vile vilivyokuwa viwanda vya nguo hapa Thika. Wazo la paa ni langu. Yeye anasema ni letu. Sawa tu.

Jumatano, 5 Februari
Bomba la moshi limesimama. Tamu sana.
Guka, babu yangu, alifuma nguo kiwandani mpaka kikafungwa, na siku hizi haoni. Nimemwambia aje Ijumaa aone modeli. "Nione na macho gani?" Nikamwambia atashika. Akauliza kofia yake iko wapi. Kwa Guka hiyo ni karibu ndiyo.
Paa nimelitoa kadibodi, nikaweka bati ya mikebe ya mananasi, lisibonyee akilishika. Madam ameuliza bati ya nini. Nimesema ni sanaa.

Alhamisi, 6 Februari
Kesho kamati ya kaunti inachagua: jumba letu au la wasanifu wa Nairobi. Lao ni vioo vitupu, kama supamaketi. Madam amekosa hamu ya kula. Nimemsaidia na chapati zake.
Nimeficha spika ndani ya modeli. Inalia king'ora cha kiwandani.
Mkutano ukiisha, modeli ya mshindi inabebwa mara moja kwenda ofisi za kaunti Kiambu, ndani ya sanduku la kioo. Kwa hivyo Guka aiguse kesho ama basi. Nina wasiwasi. Naandika hapa tu, kwa mdomo sitasema.

Ijumaa, 7 Februari
Guka amekuja! Koti la kanisani na kofia. Ukumbi ulijaa wazee wa viwandani.
Mpango: wazee washike modeli, king'ora kilie mwisho. Lakini kamati ilikuwa inasinzia. Nikabonyeza king'ora.
Shosho mmoja, bibi aliyefanya kazi kiwanda cha mananasi, akaruka juu: "Haya, saa ya lunch! Mnangoja supavaiza awabembeleze?" Wazee wote wakainuka, wakatoka wakisukumana na kucheka kama watoto. Kamati ikafuata. Mandazi yakaisha huko nje.
Madam akanivuta sikio. "We kijana, umenimalizia mkutano!"
Mwenyekiti akarudi akitafuna. Akasema jengo ni hili, lile lingine halijatoa mtu kwa kiti.
TUMESHINDA. Nitavaa miwani ya jua hadi Pasaka.

Jumapili, 9 Februari
Kanisani wamenisalimia wote. Nilisimama mlangoni makusudi.
Guka ana furaha. Ijumaa hakurudi ukumbini. Alitoka na wenzake wakaenda wakipiga stori mpaka nyumbani, kama enzi za shifti. Nilipomtafuta, sanduku lilikuwa limepakiwa.
Leo ameniuliza kama meno ya paa yalitoka makali. Nimesema ndiyo. Akainua mkono, akaupitisha hewani polepole, juu, chini, juu.
Hakulishika. Nilibonyeza mapema.