Tulivyompoteza Bibi Harusi

Mama, shikamoo. Huku Lushoto baridi inauma, lakini mimi mzima.

Jana bendi yetu ilimsindikiza bibi harusi kanisani, sisi mbele tukipuliza matarumbeta. Kwa ule ukungu, kwenye njia panda sisi tukashika njia ya shambani, yeye akashika ya kanisani. Mwenye shamba akatuuliza, "Karibuni, ila mnamleta nani?" Kugeuka, hakuna mtu! Mzee alicheka mpaka akanipa kabichi. Nikaichomeka kwenye mdomo wa tarumbeta langu kubwa, tukatimua mbio.

Tulimkuta mlangoni, amegoma kuingia bila tarumbeta. Nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Ya wenzangu yakalia, langu kimya.

Kabichi nakuletea, mama. Baba akiisifu, usimwambie ilisafiri ndani ya nini.

Mwanao akupendaye,
Elia