Jina Nililokupa Uwanjani

Kaka yangu Bukuru,

Tangu uhamie Uvinza hupokei simu zangu, na ningekuwa wewe nisingezipokea pia. Kwa hiyo naandika hapa, mbele za watu, maana mbele za watu ndiko nilikokukosea.

Unakumbuka ulivyokuwa kijana? Leo unawapita mabeki wanne wa Kasulu na kufunga, Jumapili inayofuata umesimama pembeni ya uwanja kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mimi, pacha wako, ndiye niliyeshika kipaza sauti cha timu, nikakubatiza "Umeme". Ukipoteza mpira tu, natangaza: "Umeme umekatikaaa!" Kibondo nzima inacheka. Nawe ulicheka, au mimi niliamua kuona hivyo.

Umri ukasogea, kocha akakurudisha nyuma ucheze beki. Siku tulipocheza na vijana wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hukumpiga mtu chenga hata moja. Ulisimama, ukaelekeza kwa mkono, ukawaambia wadogo, "Niachie huyu, wewe panda." Hakuna kilichotokea langoni kwetu, nami nikakosa la kutangaza. Dakika za mwisho mpira ukakuponyoka ukatoka nje, nikalirusha lile jina. Watu wakaangua kicheko. Ukavua jezi, ukaikunja vizuri, ukampa kocha. Hujacheza tena.

Mwezi uliopita nilikwenda Nyarugusu, nikamkuta mshambuliaji wao, Mkongo, akiuza vitenge. Akaniuliza habari zako.

"Ule ndugu yako wa nyuma alitufungia njia zote," akasema. "Hatukupiga golini ata mara moja. Weye ulikuwa unaangalia mechi gani?"

Nilikuwa namtafuta yule wa miaka ishirini, kaka, kwa sababu ndiye aliyenichekeshea watu. Nikikumbuka sasa, misimu yako mitatu ya mwisho hukutuangusha hata siku moja. Ulitulia, mimi nikabaki na mdomo wangu uleule. Naona haya mpaka kuandika.

Kipaza sauti nimekirudisha. Ila uso wetu ni mmoja. Nikipita sokoni, wasiojua kwamba ulihama wananipigia kelele: "Umeme umekatika!" Zamani ningewasahihisha haraka, huyo ni Bukuru, mimi Butoyi.

Siku hizi naitika.

Kaa salama huko Uvinza kwenye machimbo ya chumvi. Ukitaka kunitukana, simu yangu iko wazi.

Pacha wako mdogo,
Butoyi