Vumbi la Kwenye Gemu Linanigombanisha na Mdogo Wangu

Dada Zaitun, nisaidie wewe, maana makuli wenzangu nikiwaeleza jambo hili wanacheka.

Mimi ni Balthazar, kwetu Meatu, na huu ni mwaka wa tisa nabeba mizigo hapa Tunduma, nashusha na kupakia malori yanayovuka kwenda Zambia, shule niliishia darasa la sita, mgongo umechoka, na kitu pekee nilichobakiza cha nyumbani ni mdogo wangu Sadoki, naye tangu nikose mazishi ya mama hapokei simu yangu, isipokuwa kila Jumapili mchana tunakutana kwenye gemu la intaneti, yeye yuko duka la kompyuta Bariadi, mimi chumbani kwangu, tunalinda ngome pamoja na kuongea kwa hedifoni kama zamani tulipokuwa tunachunga.

Kompyuta yangu ilikuwa inaganda kila ukuta wa ngome ukianguka. Fundi Ashraf akaniuzia kadi ya picha iliyotumika, akanionyesha pa kuchagua nani apige hesabu za mawe yanavyoanguka na moshi unavyosambaa, prosesa, ule ubongo wa kompyuta, au kadi, nikachagua kadi, na kweli mawe yakamwagika bila kukwama. Sadoki akasema, "Kaka, leo umekula nini?" Nilifurahi wiki nzima.

Sasa kosa langu ni hili. Sisi makuli akija mgeni mwenye nguvu, siku ya kwanza tunambebesha yeye magunia mazito yote, na kadi nikaifanyia hivyo hivyo, nikapandisha kila kitu hadi mwisho, picha, moshi, bendera na vumbi. Dada, hilo vumbi! Mtu akikimbia linanyanyuka, linamfuata miguuni, halafu linashuka polepole, vilevile kama ng'ombe wa baba walipokuwa wakirudi zizini mwezi wa tisa na mama amesimama mlangoni, amekinga macho kwa mkono, anatuita majina. Nikiliona nasimama nalitazama. Lakini kadi inalemewa, picha inakatakata, nachelewa, Sadoki anauawa peke yake getini. Jumapili iliyopita amesema, "Umeniacha tena. Ndiyo tabia yako." Ikitokea tena, anatafuta mwingine wa kucheza naye. Najua nikipunguza vumbi gemu litakwenda, ila mkono ukifika pale unakataa. Nifanyeje?

Balthazar, Tunduma

Kaka Balthazar,

Pole kwa mgongo, na pole zaidi kwa mama. Sitakucheka, ila nitakugombeza.

Fundi wa ofisini kwetu anasema ulianza vizuri. Mawe na moshi vilikuwa vinailemea prosesa, ukavihamishia kwenye kadi. Lakini kadi hiyo hiyo ndiyo inayochora picha, tena ni ya zamani. Hesabu za mawe ziache huko huko, vumbi lizime kabisa, picha ishushe hadi katikati. Ikiendelea kukata, angalia mtandao wako, maana kadi haiuongezei mtandao kasi. Hiyo ni kazi ya dakika tano, wewe umeigeuza msiba.

Unasema Sadoki ndiye pekee uliyebaki naye, halafu unamwacha auawe huku unatazama vumbi? Yeye halioni. Liko kwenye kompyuta yako tu. Anachokiona ni kaka yake amesimama. Na unajua fika kwamba akisema umemwacha, hazungumzii gemu.

Kwa hiyo Jumapili hii washa mapema, ujaribu kila kitu kabla hajaingia. Akiingia, msianze kucheza. Mwambie kwa nini hukufika mazishini, na usisingizie malori. Kisha mwombe akupeleke kaburini, umtajie tarehe kabisa, na ruhusa ya msimamizi wako uwe umeshaichukua Jumamosi.

Akinyamaza, usikate. Msubiri.