Mzee Aliyemsugua Mgeni Mgongo

Kaka Tatsuo,

Natumai u mzima, ingawa barua yangu ya mwaka jana hukuijibu. Theluji imeangusha banda la kuni. Baba tulimzika mwezi wa kumi, nawe hukuja.

Jana asubuhi alifika msafiri kutoka Osaka, joka la tatuu limemjaa mgongo mzima, kama lile ulilofukuziwa na Baba. Nikamwonyesha kibao cha bafu letu kinachowakataza wenye tatuu kuoga. Akainama, akasema, "Samahani, mama. Nimeshazoea."

Neno hilo likanichoma. Nikamwingiza kwenye maji moto peke yake, nikakaa mlangoni mwenyewe nisiingize mwingine.

Alipotoka alikuwa anatabasamu. "Yule mzee nishukurie, mama. Amenisugua mgongo vizuri mno."

"Mzee gani? Mbona ulikuwa peke yako?"

"Yule mwenye kovu kidevuni. Alikuwa analia. Kila nikimwambia inatosha, anasema, 'Tulia, Tatsuo, bado sijamaliza.'"

Kaka, kovu hilo la Baba unalijua. Kibao nimekitia motoni. Acha kiburi, njoo usuguliwe mgongo, mzee wa watu apumzike.

Mdogo wako asiyekusamehe bado,
Shizue