Sahihisho Lililobaki Kwenye Laptop Yangu

Dada mshauri, naomba msaada wako, na ukitaka kunigombeza nigombeze, mwenyewe nimeshajigombeza nimechoka. Nina miaka hamsini na mbili, shule sikusoma sana, programu nilijifunza ukubwani kwa kuharibu na kutengeneza. Kazini tuna programu niliyoianzisha mimi kwa lugha ya kompyuta ya Python, inawapigia manesi hesabu ya dawa za watoto kulingana na uzito, na hospitali zinaichukua mtandaoni kama kifurushi. Miaka minane kifurushi hicho nakifunga mimi na kukitoa mimi, kwenye laptop yangu, kwa nywila yangu, ofisini wananiita Bawabu na nilikuwa nafurahi.

Mwaka huu akaajiriwa mdogo wa mke wangu, kazi anaijua kuliko mimi, akasema ufungaji wetu umepitwa na wakati, maelezo yametawanyika kwenye mafaili matano, tuyaweke kwenye faili moja, pyproject.toml, halafu kila toleo lijifunge na kujitoa lenyewe kutoka kwenye ghala la mtandaoni ambako timu nzima inaweka kazi, bila laptop ya mtu wala nywila ya mtu. Nikampinga miezi mitatu, nikamwambia bosi huyu ana haraka ya ujana, bosi akamsema mbele za watu, na nyumbani mke wangu akiniuliza mbona mdogo wangu haji tena kula kwetu, nasema sijui.

Dada, nilikuwa najua. Mwaka jana nesi mmoja alinipigia, akasema kwa mtoto wa chini ya kilo tatu programu inageuza nusu mililita kuwa mililita nzima, bahati yeye alishtuka kabla hajavuta dawa kwenye sindano. Kosa lilikuwa langu. Nikaona aibu, nikalisahihisha siku ileile kwenye laptop, nikatoa toleo jipya, na kwenye ghala sikupeleka kitu. Kwa hiyo hospitali zina programu nzima, ghala lina mbovu mpaka leo.

Sasa bosi amekubali mpango wa shemeji yangu. Kwenye kikao juzi shemeji akaniuliza, "Shemeji, kwenye hiyo laptop yako kuna chochote ambacho huku hakipo?" Watu wote wananitazama. Nikasema, "Hakuna, shemeji, endelea tu." Jumatatu saa nne asubuhi anatoa toleo kutoka kwenye ghala hilo. Je, nikiliingiza sahihisho langu Jumapili kimyakimya, kuna ubaya?

Bawabu

JIBU

Bawabu, pole, aibu ni mzigo na umeubeba peke yako mwaka mzima. Sasa nikugombeze kama ulivyoomba.

Kimyakimya ndiko kulikokufikisha hapo. Aliyekosea ni wewe, aliyesahihisha ni wewe, aliyekagua hakuna, na bado unataka kurudia. Una hakika gani kwamba ni hilo moja tu lililobaki kwenye laptop? Miaka minane, baba. Na shemeji yako umemwacha asemwe kwa kosa lako, halafu ukataka kitufe cha kutoa toleo bovu abonyeze yeye, ili mtoto akidhurika jina liwe lake. Hukulipanga hivyo, najua. Lakini ndivyo lilivyokaa.

Gazeti hili umelishika Jumamosi, kwa hiyo muda unao. Toleo la Jumatatu lisimame. Kifurushi kilichoko hospitalini kifunguliwe, kilinganishwe na ghala mstari kwa mstari, na anayelinganisha awe yeye, wewe ukae pembeni ujibu unachoulizwa. Sahihisho liingie wazi, likiwa na jaribio la hesabu ya mtoto wa kilo mbili na nusu, litakalozuia toleo lisitoke hesabu ikikosea. Mpango wake ukishafanya kazi, nywila yako ifutwe. Kwa bosi nenda mwenyewe, usimtume yeye, na kwenye kikao kijacho sema ukweli mbele ya watu walewale. Mkeo naye mwambie leo, wewe mwenyewe.

Kazi inaweza kukuponyoka, sikufichi. Shemeji yako atakasirika, na ana haki. Ila mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo si chako.

Mpigie sasa hivi. Usianze na salamu ndefu wala historia. Sema, "Shemeji, kwenye kikao nilikudanganya, usibonyeze." Mengine atakuuliza mwenyewe.