Gari la Maharusi la Mama Felista

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima hapo Ujiji, na mguu wako umepungua kuuma. Mimi huku Moshi mzima, ila baridi ya asubuhi mpaka leo sijaizoea. Kazi ya kushona viti vya magari hapa Majengo inapanda na kushuka. Juzijuzi cherehani ilinisumbua nikakaa bure, lakini sasa inakwenda.

Nina habari ya kukusimulia. Kuna mjane mmoja wa Kilema, huko juu mlimani, anaitwa Mama Felista. Marehemu mumewe alimwachia gari dogo la kifahari, jeusi, la zamani kunizidi mimi, lenye viti vya ngozi na mbao zinazong'aa mbele. Mzee alikuwa akibebea maharusi, na wanawake wengi wa kule juu waliolewa wakiwa ndani yake. Alipofariki, Mama Felista akaliendesha mwenyewe kwenye zile kona, kitenge kichwani! Sasa macho yamepungua, daktari amemkataza. Akaniletea viti nivishone, akaniomba nimtafutie mnunuzi. Alichoogopa ni kimoja tu: lisije likaangukia kwa watu wa kulivunjavunja wauze spea.

Nikadhani kazi rahisi. Kumbe ana mtihani wake. Mnunuzi akifika, yeye anajaza mbege kwenye kata, kile kibuyu chao cha kunywea pombe ya ndizi, anakishika mapajani, anaketi mbele na kusema, "Haya baba, tushuke mpaka Himo." Ndivyo mumewe alivyojifunza kuendesha bila kumtikisa bibi harusi. Mbege ikimwagika, hauzi.

Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa Arusha, ana haraka zake. Kona ya kwanza tu, kitenge cha Mama Felista kikalowa. Akamwambia kwa upole, "Unaendesha vizuri baba, lakini hili siyo lako." Wa pili alikwepa mbuzi, nami nimekaa nyuma, tukanuka pombe sote. Ilikuwa Ijumaa, Mama! Mtoto wako wa madrasa nikabaki nje ya msikiti nanuka mbege, nisijue nianzie wapi kueleza. Nilikasirika. Nikamwambia, "Mama Felista, kwa mtindo huu litaozea hapa."

Akanijibu, "Acha lioze likiwa zima, mwanangu."

Hawezi tena kuliendesha, wanunuzi wanapanda mpaka mlangoni, naye anawarudisha kwa ajili ya heshima ya gari. Nilimvulia kofia.

Mwishowe akaja dada mmoja wa Pasua, Neema, anayekodisha nguo za maharusi. Alipoiona kata hakuuliza kitu. Alivua viatu, akaendesha pekupeku, taratibu, kama aliyebeba mtoto aliyelala. Tulipofika Himo Mama Felista aliitazama kata, akatazama nje, akasema, "Lako."

Neema akashuka, akafungua mlango wa nyuma. "Mama, hamia huku nikurudishe nyumbani."

Mama Felista akasita. "Huko sijawahi kukaa," akasema. "Mimi niliolewa kwa miguu, gari lilikuja baadaye. Na humu siku zote nilikuwa mbele."

Akahamia nyuma, akajitengeneza kitenge kichwani. Neema akapandisha mlima akipiga honi za harusi njia nzima. Watu wakatoka migombani wakidhani ni bibi harusi. Walipoona ni nani, wanawake wakapiga vigelegele ambavyo sijawahi kuvisikia kwenye harusi yoyote. Naye akawapungia mkono, machozi yanamtiririka huku anacheka. Mama, mimi nililia. Sijapata kuona mtu akiachia kitu chake vizuri namna ile.

Nisalimie dada Mwajuma na wanawe, na mjomba Kassimu mwambie maneno yake ya utani yananifikia hata huku. Shangazi Tatu mbusu mkono kwa niaba yangu. Nawe jitunze, usibebe ndoo za maji, watoto wapo.

Mwanao akuwazaye,
Ramadhani